Mwana Akitaka Kusoma Udongo



Mzazi mmoja hapa Ruwi alituambia kwa masikitiko kwamba mwanawe ataka kusomea uzamili wa elimu ya udongo. "Nilitaraji awe daktari," alisema.

Ndugu yetu, ardhi nayo huugua. Tazama pwani ya Batinah: pampu zimevuta maji mengi kuliko yale yarejeshwayo na mvua, bahari ikapenya chini kwa chini, na visima vingi vikaingia chumvi. Mizizi hushindwa kunywa maji hayo, hata udongo ukiwa umerowa. Mtende hustahamili, mndimu hunyauka. Kupima chumvi hiyo, na kujua lipi lipandwe na limwagiliwe kiasi gani, si kazi ya kubahatisha.

Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilipofunguliwa mwaka 1986, kilimo kilikuwa miongoni mwa masomo yake ya mwanzo. Kwetu Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kimekuwapo tangu 1984. Vyote viwili hutoa shahada za uzamili katika elimu hii.

Wazee wetu walikula jasho la mkarafuu na mtende. Mwana akiomba kuutumikia udongo uliotulea, tusimvunje moyo. Tumpe radhi zetu.

Wassalaam.