Sura ya mkulima si mali ya mpiga picha

Kumpiga picha mkulima wa pamba hapa Lagangabilili, Tanzania, ni kazi ya sekunde moja. Kuibandika sura yake kwenye tangazo la biashara ni jambo jingine, nalo lahitaji ridhaa yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda taarifa zinazomtambulisha mtu, na kipi kinamtambulisha kuliko uso? Jirani zetu wa Kenya hawakuishia kwenye maandishi: Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 za huko kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Watakaosema fomu za ridhaa zitaua uandishi wa habari wanachanganya habari na tangazo. Na mkulima asiyejua kusoma? Asomewe kwa Kisukuma, mbele ya shahidi, malipo yatajwe, ndipo aweke dole gumba.