Gari la mbio la bei nafuu laweza kuwa ghali Lokichoggio

MKATABA wa amani ya Sudan ulipotiwa saini Nairobi mnamo Januari 9, 2005, mashirika ya misaada yalianza kuhama Lokichoggio kuelekea Juba, na ajira zikayafuata. Kwa hiyo anayenunua gari huko leo hutoa akiba ya miaka mingi.

Gari la mbio la milango miwili, mfano Toyota 86, likiagizwa kutoka Japani hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35, na lililozidi miaka minane haliruhusiwi. Lililokwisha kutumika nchini huonekana nafuu.

Hata hivyo, sehemu yake ya chini i karibu mno na ardhi. Nje ya lami hukwama mchangani, na laga zikifurika halivuki. Mnunuzi na atazame njia kwanza, ndipo atazame bei.