Katizo au Mwito? Hoja ya Istilahi

Istilahi ya kitaalamu haina budi kubeba utendaji wa dhana. Katika kiini cha mfumo endeshi, kifaa huipelekea prosesa ishara. Prosesa huweka alama ilipofikia, huhudumia, kisha hurejea. Neno "katizo" hutaja usumbufu tu. Wilayani Tarime na Serengeti, ambako wizi wa mifugo umesumbua kwa miaka mingi, yowe likipigwa mkulima huitika, huacha jembe, huenda, kisha hurudi kwenye tuta lake.

Kwa vifaa pepe, ambavyo ni programu tupu, kuitika ndiko hukosewa. Ishara isipokiriwa, kifaa huendelea kuita. Linux ikikuta miito 99,900 kati ya 100,000 haikuhudumiwa, huifunga njia hiyo. Ikikiriwa baada ya huduma, mwito ulioingia katikati hufutwa pamoja na ule wa awali. Marekebisho, basi, ni kukiri kwanza, ndipo kuhudumia.

Kwa hiyo "mwito" na "mwitiko" yafaa zaidi. Mwanafunzi aliyefundishwa "katizo" atamtafuta aliyekatiza. Aliyefundishwa "mwito" atauliza ni nani hakuitika, na huko ndiko kasoro iliko.