Unaenda Chalbi? Anza na mzigo wa keria

Lami ya Isiolo hadi Moyale imewasogezea watu wa Nairobi jangwa la Chalbi. Shida ni kwamba kuna wanaopakia kana kwamba wanahama nyumba: friji, viti, jenereta, mitungi ya maji, vyote juu ya keria.

Hebu tupige hesabu. Watu wanne, kila mmoja lita 5 za maji kwa siku, siku nne: hizo ni lita 80, yaani kilo 80. Mitungi miwili ya dizeli ya lita 20 inaongeza karibu kilo 34. Watu wenyewe, kama kilo 300. Bado spea mbili, jeki na chakula. Na uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba huhesabu abiria pia, jambo linalosahaulika sana.

Maji na dizeli usiguse. Punguza hayo mengine. Vizito vikae chini, katikati ya gari, vifungwe vizuri. Keria ibebe mahema na magodoro basi. Gari lililolemewa juu hupinduka upesi, na mawe ya njia ya Loiyangalani hayana huruma kwa springi.

Chalbi yenyewe ni sakafu ya ziwa lililokauka. Baada ya mvua, juu unaona ganda kavu la chumvi, kumbe chini ni tope, na gari zito ndilo huzama kwanza. Winchi nayo itashika mti gani huko? Ni koleo tu, na gari la pili, kama mlikuja nalo.