Mguu Unaouma na Mguu Usiouma



Wakati wa baridi uliopita tulikwenda kumwamkia mzee mmoja, jirani yetu hapa Kampemba. Tulimkuta ameketi karibu na mbabula, anaota moto, na mazungumzo yakafika kwenye habari za miguu, kama ilivyo desturi ya watu wazima. Mzee akacheka akasema, "Ninyi mwalalamika bure. Yangu haijaniuma tangu mwaka jana." Hakuwa amemaliza kusema, mjukuu wake, mtoto wa miaka minane, akapiga kelele: "Nkambo, damu!"

Tulitazama chini tukaona alama nyekundu juu ya saruji, toka mlangoni hata kitini. Tulipomvua kiatu, tulikuta msumari umepenya soli na kuingia katika wayo. Alikuwa ametembea nao tangu asubuhi asisikie kitu.

Mzee yule ana kisukari. Binti yake hakungoja kesho. Alimpeleka hospitali jioni ile ile. Kidole kimoja kilikatwa, lakini mguu ulipona. Tangu siku ile tumeona yatupasa kuandika habari hizi, kwa maana wengi wetu twaogopa mguu unaouma, na kumbe wa kuogopwa zaidi ni ule uliopaswa kuuma nao umenyamaza. Maumivu ni mlinzi wa nyumba. Apigapo kelele usiku twakasirika, lakini siku asiposema neno, mwizi huingia.

Basi tuanze na kelele za mlinzi, yaani maumivu ya kila siku, tujifunze kuyatambua.

Kwanza ni kisigino cha asubuhi. Mama auzaye unga sokoni husimama tangu alfajiri hata jioni, naye amevaa kandambili, zile tuziitazo babushi, ambazo soli yake imekwisha. Aamkapo, hatua ya kwanza humchoma kama mwiba. Akitembea kidogo maumivu hupungua, na baada ya kusimama sana hurudi. Sababu yake ni hii: chini ya wayo mna ukanda mgumu uendao toka kisiginoni hata vidoleni, nao ukivutwa mno kila siku huumia. Dawa yake ni ya nyumbani. Kabla ya kushuka kitandani, avute vidole vya mguu kuelekea kwake, ahesabu hata thelathini, arudie mara tatu. Jioni abingirishe chupa chini ya wayo. Atafute viatu vyenye soli nene vinavyoushika mguu vizuri, na aketi kila apatapo nafasi. Wengi hupona hivyo, lakini wawe na subira, maana huchukua miezi.

Pili ni viatu vyenyewe. Kiatu chembamba cha kijana apendaye kupendeza hubana vidole, huotesha sugu, na husukuma ukucha uingie katika nyama. Kucha za miguu zikatwe kwa mstari ulionyoka, zisichimbwe pembeni. Sugu isikatwe kwa wembe.

Tatu ni ngozi. Katika kiangazi chetu, vumbi na ukavu hupasua visigino, tukapata magaga. Mafuta ya kujipaka kila usiku yatosha kwa wengi. Katika masika, maji yakaayo katikati ya vidole huleta fangasi. Basi tukaushe hapo kwa kitambaa kila tuogapo. Kuna tena tekenya, mdudu asiye wa asili ya bara letu. Alifika Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amevuka Afrika hata pwani ya mashariki. Atolewe kwa sindano safi, na kidonda kioshwe kwa sabuni. Sindano hiyo isipite toka mtu hata mtu.

Nne ni jongo. Mtu alala mzima, na katikati ya usiku kiungo cha kidole gumba cha mguu chavimba, chawa chekundu na cha moto, hata shuka ikikigusa apiga kelele. Si uchawi wa jirani. Ni chumvi ya tindikali moja ya damu iliyoganda katika kiungo, na pombe nyingi na nyama nyingi huiongeza. Daktari anazo dawa za kuituliza na za kuizuia isirudi.

Tano ni maumivu ya watoto wadogo, na hapa twawaomba wazazi wasikilize sana. Mtoto wa miezi sita hata miaka miwili akivimba mikono na miguu ghafula, naye hakuanguka, na alia akiguswa, asipelekwe kukandwa wala kuchanjwa chale. Huenda ni selimundu, ugonjwa wa damu ambao wengi kwetu huuita SS. Mtoto huurithi kwa baba na kwa mama, wote wawili, hata ikiwa wao wenyewe ni wazima. Ni vibaya basi kumtupia mama peke yake lawama, au kumtafuta mchawi katika ukoo. Apelekwe kupimwa damu, kwa kuwa atunzwaye mapema huishi vizuri zaidi.

Sasa turudi kwa mguu usiouma. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na miguu ndiyo itangulizwayo. Mwanzoni mtu huhisi ganzi, au moto uwakao katika nyayo usiku, au kama anatembea juu ya pamba. Kisha husikia kidogo, kisha hasikii. Pamoja na hayo mishipa ya damu hupungua upana, na kidonda hukosa damu ya kukiponya. Ndiyo maana mtu wa namna hii asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba, asikaribishe miguu kwenye mbabula, na atie mkono katika kiatu kabla ya kukivaa.

Kuna kipimo kisichohitaji chombo wala fedha, kilichoelezwa na madaktari wa Ipswich, Uingereza, mwaka 2011. Mgonjwa afumbe macho. Wewe uguse kwa ncha ya kidole chako, kwa wepesi, muda wa sekunde moja au mbili, ncha ya kidole gumba chake, ya kidole cha kati, na ya kidole cha mwisho, katika miguu yote miwili. Aseme kila asikiapo. Asiposikia mara mbili au zaidi katika zile sita, hisia zimepungua. Aonwe na mganga wa hospitali.

Je, ni lini mtu asingoje kesho? Asiweze kuukanyagia mguu baada ya kuanguka, au mguu ukipinda. Kidonda kikitoa usaha, au wekundu ukipanda, au homa ikija. Mguu ukiwa baridi na kubadili rangi. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma. Mtoto mwenye homa akikataa kutembea. Msumari ukiingia kwa kina, kwa ajili ya pepopunda, ambayo ina chanjo. Na mwenye kisukari, kidonda chochote, hata kidogo kama punje ya mtama. Maumivu mengine yote yasipopungua baada ya majuma mawili ya kuyatunza, yapelekwe pia kituo cha afya.

Twajua kinachowazuia wengi: ni fedha. Hatulidharau neno hilo, nasi ni watu wa mtaa ule ule. Lakini tuhesabu vema. Kusafisha kidonda kidogo kuna bei yake. Kidonda kilichooza kina bei ya kitanda, ya dawa za majuma mengi, na ya kazi iliyopotea. Binti wa mzee wetu alikopa nauli jioni ile. Amekwisha kuirudisha, na baba yake aenda sokoni kwa miguu yake miwili.

Basi usiku huu, kabla ya kulala, leteni taa na beseni. Mjukuu aitazame miguu ya Nkambo, juu na chini na katikati ya vidole. Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Nasi twaongeza: asiyeusikia mwiba, na autafute kwa macho.