Nia Njema Si Elimu: Nasaha za Jamaa Katika Kununua na Kuuza Nyumba

Mtu akinunua kanzu hamshauri mtu, na akinunua mbuzi humwita rafiki mmoja. Lakini siku atakayotamka kwamba ataka kununua nyumba au kuiuza, jamaa zake wote, wa karibu na wa mbali, humjia na shauri, na kila shauri limetiwa asali ya mapenzi. Wala si ajabu, kwani ndani ya nyumba huzaliwa watoto, huuguzwa wagonjwa, na humo hutolewa jeneza kwenda makaburini. Hata Kurani Tukufu ina sura, ya 42, iitwayo Shura, yaani Mashauriano. Basi sisemi mtu azibe masikio. Nasema aipime kila nasaha, kwa kuwa mapenzi humpa mshauri nia njema, lakini hayampi elimu asiyokuwa nayo.

Mizani yenyewe ni maswali matatu: huyu anishauriye amelishuhudia jambo hili, au amelisikia tu? Anatazama maslahi yangu, au, pasipo kujijua, anatazama haja ya moyo wake? Na hasara ikitokea, ni nani atakayeilipa? Mama amsihiye mwanawe anunue nyumba mtaa uleule aliozaliwa asema kweli tupu, kwani atamani kuwaona wajukuu kila jioni, na jambo hilo lina uzito wake. Ila lisihesabiwe kuwa ushahidi wa uimara wa msingi wala uhalali wa hati.

Mtu aliyeitazama nyumba ya bonde la Msimbazi, jijini Dar es Salaam, wakati wa kiangazi, huku jamaa zake wakimsifia wepesi wa bei na ukaribu wa Kariakoo, hakuona ila kuta kavu. Bali mafuriko ya Desemba 2011 yalipolifunika bonde lile, hata Serikali ikawapeleka Mabwepande baadhi ya waliopoteza makazi, ilidhihirika kwamba jirani aliyelala pale masika kumi, ijapokuwa si wa damu yako, neno lake ni zito kuliko la wajomba watano. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kadhalika, mjomba asemaye, “Hati ipo, nimeiona kwa macho yangu,” hakukudanganya, wala hajakwambia kitu. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma chini ya Rais aliye mdhamini wake, na mwenye hati amepewa haki ya kuimiliki kwa muda ulioandikwa, usiozidi miaka 99. Je, imesalia miaka mingapi? Je, nyumba imewekwa rehani? Majibu hayo yako katika daftari la Msajili wa Hati, hayamo katika macho ya mjomba. Na wahenga walikwisha nena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini wako ambao kauli yao si nasaha bali ni haki, na kuwachanganya na washauri ni dhuluma. Sheria ya Ndoa ya 1971 yamkataza mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa, au kuiweka rehani, pasipo ridhaa ya mwenzake. Na nyumba ya marehemu haiuzwi na kaka mkubwa kwa ukubwa wake, bali na msimamizi wa mirathi, aliye na amana ya warithi wote. Hao hawapimwi katika mizani: huulizwa kwanza, na wakikataa, biashara husimama.

Ukiisha kupima, kata shauri wewe mwenyewe, maana manahodha wengi chombo huenda mrama. Kisha, kabla fedha haijatoka mkononi, warudie jamaa zako kwa adabu, uwaeleze ni lipi ulilolifuata na lipi uliloliacha, na kwa sababu gani. Aliyeachiwa shauri lake kwa heshima hatakununia. Na siku ya kuhamia ndiye atakayekushika kitanda upande wa pili.