Mti wa Mronge na Maji ya Tope

Mvua inyeshapo katika milima ya Taita, Mto Voi hushuka ukiwa mwekundu kwa udongo. Mabwawa ya nyanda za chini nayo hujaa maji ya rangi hiyo hiyo, na wengi wayatekao hawana mengine ya kunywa. Yafaa basi mkulima wa huko aufahamu vema mti wa mronge, ambao wengine huuita mlonge au mzunze.

Asili ya mti huu ni Bara Hindi, chini ya milima ya Himalaya. Hupukutisha majani wakati wa kiangazi kikali, kisha huchipua tena mvua ziingiapo. Majani yake ni mboga, na maganda machanga hupikwa katika mchuzi. Lakini ajabu yake kubwa imo katika mbegu.

Ndani ya mbegu mna protini yenye umeme chanya, na chembe za udongo zilizo majini zina umeme hasi. Vitu hivyo viwili huvutana. Chembe hushikamana zikawa mabonge, na kwa uzito wake huzama. Wanawake wa Sudan waishio kando ya Mto Nile waliitumia njia hii, na katika miaka ya 1970 mtaalamu Mjerumani, Samia Al Azharia Jahn, aliichunguza kwa bidii.

Namna yake si ngumu. Mbegu kavu humenywa, na kiini cheupe hutwangwa kikawa unga. Kwa debe la lita 20 zatosha gramu 2. Unga hukorogwa katika maji safi kidogo, huchujwa kwa kitambaa, na maji hayo humiminwa ndani ya debe. Hukorogwa upesi kwa dakika mbili, kisha polepole kwa dakika kumi, na kuachwa yatulie saa moja au zaidi.

Hapa ndipo penye hatari. Maji yakisha kung'aa, watu hudhani yamekuwa salama. Viini vingi vya maradhi huzama pamoja na tope, wala si vyote. Vilivyobaki vyaweza kuleta homa ya matumbo au kipindupindu. Tena mabaki ya mbegu hulisha viini hivyo, basi maji yasiwekwe zaidi ya siku moja. Chumvi nayo haiondoki.

Kwa hiyo maji yamiminwe taratibu pasipo kutibua mashapo, kisha yachemshwe, au yatiwe klorini, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi katika maji maangavu. Mronge huondoa tope. Kuondoa maradhi ni kazi ya moto.